Shafiq Mwenye Lugha

Suruali yako ikipasuka ukiwa Gitega, hapa Kigali, watakuelekeza kwa fundi Shafiq. Ukiwa na barua ya Kiswahili na hujui uimalizie vipi, watakuelekeza kwa Shafiq huyohuyo, na hapo utajuta. Suruali ataishona kimya, utatoka umependeza. Barua ataisoma kwa sauti mbele ya wateja wote, na kila penye kosa atapiga meza ya kukatia kwa rula: "R! R tena! Enyi watu wa milimani, L imewakosea nini?"

Babu yake alitoka Bagamoyo na misafara ya biashara, akaoa huku, akazikwa huku. Hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha lugha. Shafiq mwenyewe bahari hajawahi kuiona hata siku moja, na ukitaka mgombane, mkumbushe. Lakini Kiswahili, wallahi, alikinyonya, hakukisoma. Ndivyo anavyosema, na Gitega nzima humwita Mwenye Lugha, wengine kwa heshima, wengine huku wameuma midomo wasicheke.

Lugha hiyohiyo ndiyo iliyomkutanisha na Mutsinzi. Miaka kumi na tisa iliyopita aliingia dukani kijana mrefu, mtumishi wa serikali, mzaliwa wa ukimbizini Uganda, akasema anataka suti ya harusi. "Suruari iwe pana kidogo," akasema, "na kora isinibane." Shafiq akaweka futi ya kupimia mezani. "Suruali. Kola. Sema vizuri kwanza, ndipo nikupime." Mtu mwingine angetoka akaenda kwa fundi wa pili. Mutsinzi alisema suruari mara nne, kila mara akiapa kwamba amesema suruali, mpaka wote wawili wakashika mbavu kwa kicheko. Suti ilimkaa vizuri. Urafiki ukakaa vizuri zaidi.

Tangu hapo wakawa hawaachani. Mutsinzi akila kwa Shafiq, Shafiq akila kwa Mutsinzi kule Batsinda, ambako Jovia, mke wa Mutsinzi, alipika sufuria ya maharage bila nyama kwa ajili ya mgeni wake Mwislamu. Na kila chakula kilipotengwa, Mutsinzi alisema, "Karibu kura." Na kila mara, bila kukosa, Shafiq akajibu, "Kula, bwana! Kura ni ya uchaguzi." Miaka kumi na tisa! Hebu hesabu mwenyewe ni sahani ngapi hizo.

Sasa nikuambie kuhusu ule mchezo, maana bila mchezo hakuna kisa.

Ni mchezo wa kompyuta, wa kujenga himaya. Unaanza na kijiji kimoja na mbuzi wachache, zama za kale huko. Unalima, unajenga kuta, unatuma misafara, unapigana au unapatana, na ukiwa na akili, siku moja unajikuta mfalme wa nchi nzima. Vijana wa mjini wanaumaliza kwa wiki moja, wanaenda kwingine. Shafiq na Mutsinzi waliucheza mmoja uleule kwa miaka kumi na moja, Jumapili kwa Jumapili, Mutsinzi akitoka kanisani na Shafiq akishaswali adhuhuri. Hawakupigana wao kwa wao hata mara moja. Walikuwa washirika. Shafiq alitawala kusini, na mji wake mkuu aliuita Bagamoyo bila haya. Mutsinzi alitawala kaskazini, na mji wake aliuita Nakivale.

Nakivale ni kambi ya wakimbizi alimozaliwa. Alipokuwa mdogo alisimama kwenye mstari wa mahindi na kopo mkononi tangu asubuhi mpaka kivuli kikageuka upande, na siku nyingine kopo lilirudi nyumbani tupu. Hakuwa akilizungumzia sana jambo hilo. Lakini katika mchezo, kabla ya kujenga ukuta, kabla ya kufua hata mkuki mmoja, alijenga maghala saba ya nafaka. Shafiq alimcheka. "Utajilinda na nini, na mtama?"

"Kwanza watu wakure," Mutsinzi akajibu.

"Wale, bwana. Wale!"

Basi mwaka jana watengenezaji wa mchezo, kampuni ya huko ng'ambo, wakatangaza nyongeza, yaani sehemu mpya za kuunganisha na mchezo uleule. Na kwa mara ya kwanza nyongeza hiyo ingekuwa na Kiswahili. Mtu wao hapa Kigali alikuwa binti mmoja anaitwa Pretty, ana ofisi Kimihurura, naye alikuwa mteja wa Shafiq: alimshonea mshanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, kwa harusi ya dada yake. Akamjia na karatasi sita. "Muzehe, maneno ya vitufe ndiyo haya. Tunataka mtu wa kuangaria kama iko sawa."

"Kuangalia," alisema Shafiq, na moyo ukamvimba. Yeye! Jina lake lisingeandikwa popote, lakini kila mfalme wa kila himaya angesoma maneno yaliyopita kwake. Ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, kanzu zimerundikana hadi dirishani, lakini karatasi alizipitia siku ileile, kati ya kanzu na kanzu, kwa ile kalamu nyekundu ya wino anayoandikia vipimo. Akamrudishia Pretty kesho yake, zimejaa damu.

Nyongeza ilipotoka, marafiki wawili hawa wakabishana wiki nzima kama waichukue au waiache. Mutsinzi hakuitaka. "Chai ikishakorea," alisema, "unaongeza majani ya nini? Itakuwa chungu tu."

"Ikishakolea," alisema Shafiq. "Na hii si majani, ni sukari. Sikiliza. Mchezo wetu una kasoro moja kubwa: mfalme anaamua peke yake. Hakuna mahali popote duniani mfalme aliamua peke yake. Nyongeza inaleta Baraza la Wazee. Ukitaka kumpelekea mshirika wako nafaka au askari, lazima wazee wakubali. Ndiyo ufalme wa kweli huo. Utaona, tutasaidiana kuliko zamani."

Mutsinzi akakubali shingo upande. Alikubali kwa sababu ni Shafiq aliyesema.

Wiki mbili baadaye pikipiki ikateleza na Mutsinzi kwenye mteremko, mguu ukavunjika. Akalazwa, akafungwa plasta, akarudishwa Batsinda na amri ya kutotoka nyumbani wiki saba. Shafiq alikwenda kumtazama mara moja na machungwa. Halafu msimu wa harusi ukamkamata. Kila siku alisema kesho, na kesho ilipofika mtu aliingia na kitambaa. Si kwamba hakumjali, jamani. Alimjali. Ila unajua mafundi na ahadi zao.

Mchezo wakawa wanauchezea kila mtu kwake, kwa intaneti. Na walikuwa na sheria yao ya tangu zamani, ambayo walijivunia: mkiwa mchezoni, hakuna kupigiana simu. Mfalme wa kale hakuwa na simu. Ukiwa na shida, tuma mjumbe wa ndani ya mchezo, usubiri jibu.

Jumapili ya kwanza mjumbe akafika Bagamoyo. "Nakivale imezingirwa. Maghala yamechomwa. Tunaomba nafaka."

Shafiq akainuka kitini. Maghala ya Mutsinzi yamechomwa! Akafungua ukurasa wa baraza. Palikuwa na vitufe viwili, kimoja KULA na kingine KURA, kila kimoja na kipicha chake kidogo pembeni. Shafiq si mtu wa kutazama vipicha. Yeye husoma. Akabonyeza KURA, ili wazee wapige kura ya kupeleka chakula. Wazee wakatokea kwenye kioo, wakaketi duara, ngoma zikalia, masinia yakaingia. Akashangaa kidogo. Mkewe Raïssa, aliyekuwa anapinda mikono ya blauzi hapo pembeni, akauliza, "Hao wanaamua au wanafanya maulidi?"

"Wazee hawaamui na njaa," Shafiq akamjibu, na akaona ghala lake limepungua kwa robo. Akaridhika. Nafaka imeshaondoka, alisema moyoni, iko njiani.

Jumapili ya pili mjumbe akaja tena. "Nakivale ina njaa. Tunaomba nafaka." Shafiq hakusita hata kupumua. KURA. Ngoma, masinia, ghala likashuka tena. Alijisikia vizuri, nisikufiche. Alijiona mtu mwema anayetoa bila kuhesabu.

Jumapili ya tatu mjumbe alikuja na neno moja. "Tafadhali."

Shafiq akabonyeza KURA mara mbili, mpaka ghala la Bagamoyo likabaki tupu kabisa, punje haipo. Akajifuta jasho. Na kabla hajarudisha kitambaa mfukoni, kioo kikawa chekundu na maandishi yakatokea: Nakivale imeanguka. Watu wake wamekufa kwa njaa.

"Njaa?" Shafiq alipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. "Njaa ya nini? Nimepeleka mara tatu! Nimepeleka ghala zima! La haula!" Hakuamini, akafunga, akafungua, akasoma tena, maneno ni yaleyale. Miaka kumi na moja ya kazi ya rafiki yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu kwenye ramani.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni Mutsinzi. Alikuwa ameandika methali moja tu, methali ambayo Shafiq mwenyewe alimfundisha miaka mingi nyuma: "Mra nawe hafi nawe."

Hapa ndipo ninapotaka kumshika Shafiq mabega nimtikise. Maana mtu mwenye akili angesimama hapo, angejiuliza rafiki yangu ana maana gani, kwa nini anasema nimekula, nimekula nini. Shafiq aliona R. Kidole kikatangulia akili. Akaandika "Mla, si mra," akatuma, na ilipokwisha kwenda ndipo akaisoma methali yenyewe.

Akaisoma mara ya pili.

Akapiga simu papo hapo. Haikupokelewa. Akapiga tena jioni, akapokea Jovia. "Amerara, shemeji." Jumatatu, amerara. Jumatano, amerara. Siku ya tano Jovia akasema polepole, "Shemeji, mimi sijui mambo ya hiyo kompyuta. Rakini huyu mtu hajacheka tangu Jumapiri." Na simu ikakatwa.

Shafiq akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, mguu kwenye kanyagio, hakanyagi. Aliogopa. Tangu ajuane na Mutsinzi hawajawahi kukaa siku tano bila kusemezana, hata alipofiwa, hata Mutsinzi alipohamishwa kikazi mwaka mzima. Raïssa akamtazama. "Unalilia mji wa kwenye kioo?"

"Namlilia mtu," akasema. "Nyongeza ile imeniharibia mtu."

Na hasira ikapata mahali pa kwenda. Nyongeza! Nani aliwatuma? Mchezo ulikuwa mzuri, umetulia, umekolea. Wakaja na baraza lao linalokula nafaka ya watu bila kuifikisha! Kila mteja aliyeingia wiki ile alihubiriwa. Aliyeleta zipu ibadilishwe alitoka anajua jinsi nyongeza zinavyoua michezo. "Mutsinzi aliniambia," alisema Shafiq, "aliniambia chai itakuwa chungu." Ijumaa baada ya swala akavaa koti lake la heshima, akapanda mpaka Kimihurura, akaingia ofisini kwa Pretty hata salamu hakumaliza.

"Binti yangu, mchezo wenu umevunjika. Nimewapigisha wazee kura mara nne, nafaka imeondoka kwangu na haikufika kwa mwenzangu. Iko wapi? Nani ameila?"

Pretty akamwomba aketi. Akaufungua mchezo kwenye kompyuta yake, akamwambia amwonyeshe. Shafiq akabonyeza KURA. Wazee, ngoma, masinia. "Unaona?"

"Muzehe," alisema Pretty, "hii ni karamu. Umewakaribisha wazee chakura. Hapa hakuna kitu imetumwa." Akanyoosha kidole kwenye kile kipicha kidogo pembeni ya kitufe. Kilikuwa bakuli lenye mvuke. Pembeni ya kile kingine, cha KULA, palikuwa na mkono ulionyooshwa juu.

Shafiq akaangua kicheko cha ushindi. "Haya! Si nilisema? Mmegeuza! Kula mmeweka mahali pa kura, na kura mahali pa kula! Nyie na hizo R zenu! Ni mpumbavu gani aliyewaandikia hivi?"

Pretty alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi sita.

Karatasi ya nne ilikuwa na maneno mawili, moja chini ya lingine, kwa maandishi ya mashine. La kwanza lilikuwa Kura. Lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni yake, kwa mwandiko ambao Shafiq aliujua kama anavyojua mshono wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: KULA! Si R, ni L. Aliyeandika hapa arudi shule. Neno la pili lilikuwa Kula. Nalo limekatwa, na pembeni yake: KURA. Hii ndiyo ya R.

"Na hapa?" Shafiq alionyesha safu ya maelezo ya Kiingereza iliyokuwa mbele ya kila neno. Kiingereza cha Shafiq ni cha kusalimia wageni tu. Wiki ile ya kanzu za Idi hakukitupia hata jicho.

Pretty akamsomea. "Hii inasema: wazee wanaamua kwa kunyosha mikono. Na hii: wazee wanapewa chakura."

Kwa hiyo lilikuwa sawa. Lilikuwa sawa kabla hajaligusa. Miaka kumi na tisa ya "kula, bwana!" ilikuwa imemzoesha vibaya: alipoona kura, mkono ukaruka wenyewe kusahihisha. Halafu alipofika neno la pili akakuta ameshakuwa na kula mbili, akageuza na lile. Mara nne alikuwa ameketi kwenye kiti chake akiwafanyia wazee wake karamu, kwa ngoma, huku mtu wa Nakivale akiandika tafadhali.

"Aliyeandika mwanzo ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, muzehe." Pretty aliangalia meza. "Niritafuta hata kwenye kamusi, nikaona nirikuwa sawa. Rakini wewe ndiyo Mwenye Rugha. Niriogopa kukuuriza."

Shafiq alitamani sakafu impokee. Kila L ya binti yule ilikuwa imekuwa R, na hakuwa na mdomo wa kuzisahihisha. Akauliza kama mji unaweza kurudishwa. Pretty akasema maneno watayarekebisha wiki ileile, lakini mji haurudi. Shafiq akaomba ile karatasi ya nne, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Njiani kuelekea Batsinda alikuwa na muda wa kupanga uongo. Ningekuficha jambo hilo, lakini aliufikiria kweli. Angeweza kusema ni kampuni iliyokosea. Angeweza kusema ni mtandao. Mutsinzi angeamini, nao wangerudi kama zamani, na jina la Mwenye Lugha lingebaki safi. Alipofika mlangoni bado hakuwa ameamua.

Jovia akafungua. "Karibu, shemeji," alisema, lakini hakutabasamu.

Mutsinzi alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, mguu wa plasta juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. Shafiq hakutegemea hilo. Alikuwa amemwazia rafiki yake kama alivyomwacha, na akakumbuka kuwa ni wiki ya tano sasa na alikuja mara moja tu. Uongo wote ukamponyoka. Akatoa karatasi, akamwekea mapajani.

"Soma," alisema. "Huo mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilibonyeza kura, nikidhani nakupelekea nafaka. Wallahi, Mutsinzi, sikuwa nakula. Nilidhani nakupelekea."

Mutsinzi akaisoma taratibu. Akairudia. Shafiq alisimama wima mbele yake, kofia mkononi.

"Nirijua yamegeuzwa," alisema Mutsinzi mwishowe. "Tangu siku ya kwanza."

"Ulijua?"

"Mimi R na L huwa sizisomi, zote kwangu ni moja. Nirizitazama picha. Iko bakuri, iko mkono. Nikaona maneno iko kinyume." Akaikunja ile karatasi. "Kira mara nikituma mjumbe anarudi ananiambia mushirika wako iko kwenye karamu. Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya tatu nirikumbuka kopo yangu."

"Basi mbona hukusema?" Shafiq sauti ilimpanda. "Sheria ya simu ni ya mchezoni tu! Wiki nzima ilikuwepo katikati! Mbona hukuniambia tu, Shafiq, umechanganya kula na kura?"

Mutsinzi akamwangalia kwa muda mrefu, na hakukuwa na hasira machoni mwake, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Angekuwa mtu mwingine, ningesema amekosea," alisema. "Ningekuwa ni mimi, ningesema ni urimi. Rakini wewe? Miaka kumi na tisa unanifundisha kwamba wewe hapo hukosei. Kura, kura, kira siku kwenye meza yangu. Nirikuamini, sha, ndugu yangu. Nikasema, huyu anajua kura na kura kuriko mtu yeyote Kigari. Kama amekura, basi amekura akijua."

Shafiq alikuwa ameshtuka mara nyingi wiki ile, kwa mji, kwa methali, kwa karatasi. Mshtuko huu ulikuwa wa aina nyingine, ulimwingia ukakaa. Akajikuta ameketi sakafuni, karibu na kile kigoda, na machozi yanamtoka kama mtoto.

"Tuiondoe nyongeza ile," alisema alipoweza. "Turudi mchezo wa zamani. Tuanze upya, nikujengee Nakivale kwa mikono yangu."

"Oya," alisema Mutsinzi. "Hapana. Nyongeza iko nzuri. Mchezo wa zamani miaka kumi na moja haikuwahi kuniambia wewe unaweza kukosea." Na hapo, kwa mara ya kwanza, pembe ya mdomo wake ikacheza.

Jovia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sijui tangu lini. Akaingia na beseni la kunawia, akarudi na ubugari, ule ugali wa muhogo, isombe ya majani ya muhogo, na maharage yasiyo na nyama. Kwa hiyo alikuwa ameyaweka motoni tangu mgeni alipopita mlangoni, bila kutabasamu, lakini ameyaweka.

Mutsinzi akajisogeza kwenye meza. "Haya," alisema. "Karibu kura."

Jovia akasimama na upawa mkononi, anasubiri. Sebule nzima ilisubiri. Shafiq alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akavuta pumzi.

"Asante," alisema. "Tukure."

Mutsinzi alimtazama juu ya sahani, makini kabisa, kama mwalimu.

"Tule, bwana," alisema, na ile L ilitoka safi, laini, haina doa. "Kura ni ya uchaguzi." Kisha akamsogezea maharage.